Bodi ya madaktari imwone askari na siku ya pili



Nawauliza wanaohusika na mafao ya askari wastaafu: mtu aliyeachishwa jeshi kwa sababu za kiafya, kisha bodi ya madaktari ikamwandikia kwamba hana ulemavu wowote, aliachishwa kwa lipi?

Mtu huyo ni baba yangu mdogo. Aliondoka Makambako mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo, majeshi ya Idi Amin yalipokwisha kuvuka mpaka na kukalia ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera. Alikuwamo kati ya walioingia Mutukula Januari 1979, na sehemu kubwa ya njia ya kwenda Kampala, mji ulioanguka Aprili 11, waliikata kwa miguu, silaha na mizigo mgongoni. Akiwa bado Uganda alishikwa na homa nzito. Homa iliisha, nguvu hazikurudi. Vita ilipokwisha alibakishwa jeshini, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa, mpaka akaachishwa. Karatasi ya kuachishwa tunayo, na sababu imeandikwa.

Wasomaji wengi watasema kuchoka ni kuchoka, nani asiyechoka? Uchovu huu una tabia yake. Baba mdogo akipalilia matuta mawili ya viazi leo, hachoki leo. Kesho yake ndipo haamki, na keshokutwa anaweza kushindwa kusimama wakati wa kuoga. Analala usiku kucha na kuamka kama mtu aliyekesha msibani. Maongezi yakirefuka yanampotea katikati, naye huona aibu, hunyamaza.

Kwa miaka mingi kila zahanati ilimwandikia malaria, isipokuwa malaria basi taifodi, isipokuwa taifodi basi yutiai. Huku kwetu mtu mzima akichoka na kukonda, jirani hangoji vipimo. Utafiti wa kitaifa wa 2016/2017 uliukuta Mkoa wa Njombe na VVU kwa asilimia 11.4 ya watu wazima, juu kuliko mkoa mwingine wowote, kwa hiyo hofu ya watu naielewa. Lakini baba mdogo alishapima, hana, na bado wapo waliokataa kuchangia naye kikombe cha ulanzi.

Hatimaye alipatikana daktari aliyekaa naye, akaondoa moja baada ya jingine: kifua kikuu, sukari, tezi, figo, upungufu wa damu, sonona. Akaandika ugonjwa wa uchovu sugu. Ugonjwa huu, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi, hauna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, si Njombe wala Ulaya, ila vigezo vyake vipo. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliviweka wazi mwaka 2015: kupungukiwa sana nguvu kwa zaidi ya miezi sita, kuzidiwa baada ya kujishughulisha, usingizi usioburudisha, na pamoja na hayo ama akili kushindwa kufuata mambo ama mwili kushindwa kuvumilia kusimama. Baba mdogo anavyo vyote.

Sasa ije bodi. Kabla ya safari alilala siku kadhaa akijiwekea akiba ya nguvu. Akanyoa ndevu, akavaa koti na medali yake. Alionwa asubuhi, kwa muda ambao hata chai isingepoa. Akaambiwa inua mikono, akainua. Chuchumaa, akachuchumaa. "Mzee, mbona uko fiti?" Akajibu, "Nashukuru Mungu," kwa sababu ndivyo mzee wa Kibena anavyojibu akijuliwa hali na mtu aliyevaa koti jeupe. Nasikia jibu hilo liliingia kwenye taarifa. Kesho yake walikuwa hawapo stendi ya Makambako kuona tunavyomshusha kwenye Coaster tumemshika makwapa, wala wiki iliyofuata alipolishwa kitandani.

Tulikata rufaa. Jibu likasema uchovu wake unaendana na umri. Alipoachishwa jeshi alikuwa hajafika miaka 30.

Wapo waliokutana na jambo hili kabla yetu. Askari wa Marekani waliotoka vita ya Ghuba ya 1991 walirudi na maradhi ambayo vipimo havikuyaona, na kwa miaka waliambiwa ni mawazo tu. Mwaka 1994 bunge lao liliruhusu fidia kwa maradhi yasiyo na jina, na mwaka 2001 uchovu sugu ukatajwa ndani ya sheria. Kiwango cha ulemavu hawakipimi kwa kovu, wanauliza: mtu huyu sasa anafanya sehemu gani ya yale aliyoyafanya kabla hajaugua? Huko nako si peponi. Wakaguzi wa serikali yao walieleza mwaka 2017 kwamba madai ya namna hii hukubaliwa kwa kiwango cha karibu theluthi moja tu ya madai mengine. Lakini mlango upo, na anayekataliwa anajua amekataliwa kwa kigezo kipi.

Ninachoomba hakihitaji mashine ya kuagiza. Mgonjwa alazwe chali, apimwe mapigo ya moyo na presha, asimamishwe akiwa ameegemea ukuta kwa dakika 10, apimwe tena na tena. Kazi hiyo anaifanya muuguzi mwenye saa na kipimo cha presha. Majirani na mtendaji wa mtaa waulizwe anavyoishi, kwani ndio wanaomwona siku ambazo bodi haimwoni. Na jalada la matibabu yake ya jeshini litafutwe na walionalo. Askari anadaiwa vielelezo ambavyo hakukabidhiwa hata siku moja, na akikosa kuvileta inaandikwa kwamba hakuthibitisha. Huu ni uonevu, hata kama unafanywa kwa lugha ya adabu na muhuri.

Waliopigana vita ile wengi sasa wamepita miaka 65. Kuwaita mbali, walale njiani, kisha kuwatazama kwa dakika chache, ni kuwapima uvumilivu wa safari tu.

Rufaa ya pili tumeshaipeleka. Tukiitwa tena tunaomba tuitiwe Njombe mjini, na tuarifiwe mapema kwamba tutalala huko, ili bodi imwone asubuhi anapofika, na imwone tena asubuhi ya pili kabla haijaandika.

Mwalimu mstaafu (jina limehifadhiwa)
Makambako, Njombe