Nani Anasimamia Kipindi cha Dini?

Ijumaa ya tarehe 19 Oktoba 2012 maduka ya Kariakoo yalifungwa mchana kweupe. Waliokuwapo Mtaa wa Msimbazi siku ile hawajasahau moshi wa mabomu ya machozi wala milango ya chuma iliyoshushwa kwa pupa. Wiki moja kabla yake, huko Mbagala, makanisa yalikuwa yameshambuliwa na mali kuteketezwa. Hadi moto ule unafika Kariakoo madai yalikuwa yameshaongezeka na kubadilika, lakini cheche ya kwanza, kama magazeti yalivyoripoti wakati ule, ilikuwa ubishi wa watoto wawili. Mmoja alisema kwamba mtu akiunajisi Msahafu hugeuka nyoka. Mwenzake akataka kuona kama ni kweli.

Baada ya hapo kila mtu alifanya kile anachokifanya siku zote. Polisi walikamata, wanasiasa walikemea, viongozi wa dini walikaa meza moja wakapigwa picha. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza swali dogo: watoto wale, ambao kwa umri wao mahali pao ni darasani, walikuwa wamefundishwa nini shuleni kuhusu kitabu cha mwenzake?

Jibu ni kwamba, kwa utaratibu wetu, hapakuwa na mahali walipopaswa kufundishwa. Katika shule zetu za umma kipo kitu kinachoitwa kipindi cha dini. Kila aliyepita huko anakijua. Kengele inalia, Waislamu wanakwenda chumba hiki, Wakristo chumba kile, na penye wanafunzi wengi Wakatoliki nao wanajitenga na Waprotestanti. Mtoto wa Kihindu, au yule ambaye kwao wanashika mila za wazee na hawaoni haya kusema hivyo, anabaki uwanjani. Akiwa na bahati mbaya anapewa fagio. Watoto waliokaa dawati moja tangu asubuhi, wakaazimana kifutio na kugawana mhogo wa kukaanga, hutenganishwa katika saa ile ile ambayo wangeweza kuulizana jambo la maana.

Mwaka jana nilikwenda katika shule moja ya msingi ya umma, si mbali na soko la Kariakoo, kufuatilia uhamisho wa mtoto wa dada yangu. Nikiwa nasubiri ofisini nilimwuliza mwalimu mkuu, mama mwenye heshima zake na uzoefu wa miaka mingi, ni nani wanaofundisha kipindi cha dini. Akasema anakuja ustadhi mmoja, na kwa upande wa pili anakuja dada mmoja wa uinjilisti. Majina? Alilijua moja. Muhtasari wanaoufuata? "Wanayo ya kwao." Nikafunua kitabu cha wageni kilichokuwa mezani. Kijana wa kampuni ya sabuni aliyekuja kuwaonesha watoto namna ya kunawa mikono alikuwa ameandika jina, namba ya simu na saini, na barua yake ya kibali ilikuwa imebanwa kwa pini pembeni. Ustadhi na yule dada hawakuwamo hata ukurasa mmoja. Nilipolisema hilo, mama yule alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Dokta," akasema, "hao si wageni. Ni watu wa dini."

Simlaumu. Amelisema kwa maneno machache lile ambalo dola letu limeliamini kwa miongo mingi: mtu wa dini hahitaji kuulizwa. Wala siwatuhumu wale wawili. Ustadhi nilimkuta siku nyingine getini. Ni kijana anayetoka Buguruni kwa nauli yake mwenyewe, halipwi na mtu, na alichonilalamikia kilikuwa kwamba chumba anachopewa hakina hata chaki. Tatizo langu ni kwamba mwalimu wa hisabati akikosea kugawanya, yupo mwalimu wa taaluma wa kumsahihisha, yupo mthibiti ubora, upo mtihani. Lakini akija mtu akawaambia watoto wa darasa la nne kwamba wenzao wa chumba cha pili ni kuni za motoni, hakuna atakayejua, mpaka siku mtoto atakapotaka kuona kama ni kweli.

Najua nitakachojibiwa na watumishi wenzangu wa umma: Serikali haina dini. Ibara ya 19 ya Katiba inaiweka shughuli ya kuhubiri na kuabudu katika hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Naikubali ibara hiyo bila kupunguza nukta. Ila inahusu jumuiya za dini na uendeshaji wake. Haisemi kwamba darasa la umma, lililojengwa kwa kodi ya umma, katika saa za kazi, kwa watoto ambao sheria inawalazimisha kuwapo, ni eneo lisilo na mwenyewe.

Isitoshe, huko kujitenga na dini kumekuwa kwa kuchagua. Serikali haikuwa na dini mwaka 1970 ilipozitaifisha shule za misheni, lakini ilijua thamani ya madarasa yao. Haikuwa na dini mwaka 1992 ilipotia saini Hati ya Maelewano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, hati ambayo Waislamu wengi hadi leo wanaitaja kwa uchungu. Haikuwa na dini ilipowapa Waislamu majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO pale Morogoro wapate chuo kikuu chao. Nayo hutahini dini. Baraza la Mitihani la Taifa hutunga, husahihisha na kutoa alama katika Maarifa ya Uislamu na Maarifa ya Biblia, na mwaka 2012 huo huo alama za somo la Kiislamu kwa kidato cha sita zilipokutwa na dosari, kelele yake ilisikika nchi nzima. Dola linaloweza kumpa mtoto alama kwa majibu yake kuhusu Mungu haliwezi kudai kwamba halina la kusema kuhusu anayemfundisha majibu hayo. Linaingia palipo na majengo, hospitali na vyeti. Linapofika kwenye kichwa cha mtoto ndipo linapokumbuka kwamba halina dini.

Ombwe halikai tupu, na hili lilijazwa. Sisi tuliokuwa vijana Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulijifunza dini za wenzetu kwenye mihadhara. Tulisimama viwanjani jioni tukisikiliza mlingano wa dini, Biblia mkono mmoja na Msahafu mkono wa pili, na aliyekosa alinunua kaseti. Sauti ya Sheikh Ahmed Deedat wa Afrika Kusini iliwafikia watu ambao hawakuwahi kumwona, na upande wa Wakristo nao ukajibu kwa mihadhara yake na vikundi vyake. Sikatai kwamba kulikuwa na elimu ndani yake. Kuna aya za Injili nilizozikariri pale ambazo kanisani kwa wenzangu huwa hazisomwi. Lakini kila aliyetufundisha imani ya jirani alikuwa na shabaha ya kuishinda. Hebu fikiria kumjua mkeo kwa kusimuliwa na wakili wa upande wa pili.

Matunda yake ninayavuna kwenye semina. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu, watu wazima wanaokaribia shahada, wanieleze kwa haki jambo moja analoamini mtu wa dini nyingine, kwa namna ambayo mwenyewe akisikia atakubali. Wakristo wengi hushangaa kusikia kwamba sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam. Waislamu wengi hawawezi kueleza Wakristo wanamaanisha nini wanaposema Utatu, isipokuwa kwa namna ambayo hakuna Mkristo angeikubali. Wahindu, ambao wametuuzia vitenge na madaftari kwa zaidi ya karne, ni "Wahindi" tu, kana kwamba dini yao ni rangi yao. Watu hawa kesho ni maofisa elimu, mahakimu na wakuu wa wilaya.

Haya yote yanatokea katika mji ambao hauna udhuru. Anza asubuhi bandarini, kwenye Kanisa la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, yaliyojengwa zama za Wajerumani. Pita Kisutu kwenye mahekalu ya Wahindu, uione jamatkhana ya Waismailia na msikiti wa Mabohora, kisha uvuke Mnazi Mmoja uingie Kariakoo mpaka Msikiti wa Mtoro. Kwa miguu unafika kabla jua halijawa kali. Ukikata kwenda Upanga utalikuta hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wenye asili ya Sri Lanka. Watoto wa shule za katikati ya jiji hupandishwa basi kwenda Bagamoyo kuona magofu, safari njema kabisa, lakini hawajawahi kuvushwa barabara kuona jirani yao anavyosali.

Ninachotaka ni hiki. Kila halmashauri iwe na baraza la elimu ya dini, na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo Kariakoo, Kisutu na Upanga zote zimo ndani yake, ianze. Baraza lijue kila anayeingia darasani kufundisha dini, limpe kibali, lione muhtasari wake, na lisikilize malalamiko ya mzazi. Tena litengeneze kipindi kimoja ambacho watoto wote watakaa pamoja kujifunza dini zilizomo katika mji wao, bila kuhubiriwa yoyote. Vipindi vya kila dini vibaki. Mzazi ana haki navyo. Hicho cha pamoja ndicho kinachokosekana. Wanaosema somo la Historia ya Tanzania na Maadili linatosha wajaribu kumweleza mtoto, kwa maadili matupu, kwa nini rafiki yake hanywi maji mwezi wa Ramadhani.

Si jambo la ajabu duniani. Uingereza, sheria ya mwaka 1944 iliweka muhtasari wa dini wa shule za umma mikononi mwa mkutano wa kila eneo, na ile ya 1988 ikazilazimisha halmashauri kuwa na baraza la kudumu la ushauri lenye makanisa, dini nyingine, walimu na madiwani. Birmingham ilipotoa mwaka 1975 muhtasari ulioingiza dini za wahamiaji palizuka zogo kubwa. Leo zogo lile linasomwa kama historia. Sitaki tuige kila kitu, maana kule Kanisa la Anglikana lina kundi lake peke yake mezani, nasi hatuna dini ya dola. Afrika Kusini, kwa sera yao ya mwaka 2003, walitenganisha kufundisha dini na kufundisha kuhusu dini, na hili la pili ndilo walilolipa shule. Kenya wanayo masomo ya Kikristo, Kiislamu na hata Kihindu, jambo linalotuaibisha sisi, ingawa nao bado wanawaketisha watoto mbalimbali.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita kwa haraka, na huwa naisikia kwa wazee wa Kariakoo. Wanakumbuka Desemba 1968, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipopigwa marufuku na BAKWATA kuzaliwa mwaka ule ule. Wanakumbuka pia kwamba kabla ya hapo Waislamu wa mji huu walijijengea shule kwa michango yao, Al-Jamiatul Islamiyya ikiwa mfano, kwa sababu waliogopa watoto wao kubatizwa katika shule za misheni. Mzee mmoja aliniambia waziwazi: "Mwanangu, wewe unaita baraza, sisi tutaona mkono ule ule." Hofu hiyo ina mizizi, na mtu anayeicheka haijui nchi hii. Ndiyo sababu sitaki baraza la wizara, wala la wateule wa mkuu wa mkoa, wala kamati nyingine ya amani ya wazee wenye majoho inayoitwa baada ya moto kuwaka. Baraza liwe la wazazi na walimu kwanza, wanawake wakiwamo kwa idadi ya maana, kila dini ikimteua mjumbe wake yenyewe, BAKWATA wakiwa na kiti sawa na wasioikubali BAKWATA. Mihutasari ya vikao ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kata. Lisiwe na neno juu ya msikiti, kanisa wala madrasa. Mamlaka yake yaishie kwenye geti la shule, kengele ya mwisho ikilia.

Wachungaji kadhaa nao wameniambia kwamba mtoto akijua mengi atachanganya. Nawajibu kwa adabu kwamba mtoto wa Kariakoo amekwisha kuchanganywa na mtaa. Anasikia adhana na mapambio saa moja. Asichokuwa nacho ni mtu mzima wa kumweleza alichosikia.

Kuhusu fedha sina mengi ya kusema, kwani kusaini kitabu cha wageni hakugharimu chochote. Mwezi uliopita niliiandikia kamati ya ile shule, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na haihitaji waraka wa mtu kuanza kazi. Niliomba ajenda moja: majina ya wanaofundisha kipindi cha dini yaandikwe, na mihutasari yao iletwe mezani ionekane. Mwalimu mkuu alinipigia simu kuthibitisha kwamba barua imefika.

"Nimeiweka, Dokta," akasema. "Ipo kwenye mengineyo."