Tembo Si Gongo

Vijana tuliosoma tumejifunza kusoma chupa ya Rioja. Tunajua kwamba mvinyo ule mwekundu wa kaskazini mwa Hispania, ambao aghalabu hutokana na zabibu za Tempranillo, hauna sura moja. Joven hunywewa ungali mchanga, ladha ya tunda ikiwa mbele. Crianza hutunzwa miaka 2, mmoja katika pipa la mwaloni. Reserva hutunzwa miaka 3. Gran reserva miaka 5, na 2 kati yake ni ya pipa. Tukiyasema hayo mezani, tunaonekana watu wenye ujuzi.

Sasa njoo Mkwaja, kijiji cha pwani wilayani Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ukitaje kinywaji cha mnazi. Msamiati wetu wote unakwisha hapo. Tunasema "pombe ya kienyeji", basi. Katika maneno hayo matatu tumetumbukiza tembo, komoni, wanzuki na gongo, kana kwamba vyote vimetoka sufuria moja. Huo ni uvivu, na anayeulipia ni mgema.

Itazame kazi yake. Hukwea mnazi asubuhi na jioni, siku nenda siku rudi, kotama ikiwa kiunoni. Hulifunga karara ambalo halijapasuka, kisha hulikata ncha kidogo kidogo ili utomvu udondoke kibuyuni. Kinachoteremshwa mapema ni tembo tamu. Hamira za hewani na zile zilizobaki kibuyuni huanza kazi ndani ya saa chache, na tembo tamu la asubuhi huwa tembo kali jioni. Likiachwa siku kadhaa huwa siki. Likichemshwa lingali tamu huwa asali ya tembo. Mpika vitumbua naye hulitaka la kuumulia unga. Mti ni ule ule na mikono ni ile ile. Kinachotofautisha ni muda, chombo na moto. Muda na chombo ndivyo vinavyoitenga joven na gran reserva.

Gongo ni jambo jingine kabisa: huchemshwa, mvuke wake ukakingwa na kupozwa, na ukali wake ni wa kiwango tofauti. Anayeviita viwili hivi kwa jina moja hajui hata kimoja.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, pwani hii ni ya Waislamu wengi. Kweli, na asiyekunywa ana haki yake kamili. Simwombi mtu anywe. Naomba vitu viitwe kwa majina yake.

Pili, nitatupiwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Haya, tuseme hulitia. Wahispania nao walihofia mvinyo wa kughushi uliouzwa kwa jina lao. Dawa yao haikuwa kumkejeli mkulima: mwaka 1925 jina la Rioja lilianza kulindwa rasmi, na kanuni zikafuata. Hata Kerala, nchini India, ilipoipiga marufuku araki mwaka 1996, maduka yenye leseni ya kuuza tembo la mnazi yalibaki. Serikali ile ilijua kutofautisha. Maji kwenye tembo yanazuiwa kwa kanuni na leseni. Methali haijawahi kumkagua mtu.

Tulipe basi tembo la mnazi leseni yake, viwango vyake na bei inayolingana na hatari ya kukwea. Muda si mwingi. Minazi ya pwani yetu inazeeka, na ugonjwa wa kunyong'onyea umeiua mingi. Kijana wa Mkwaja hatakwea mti mrefu kila alfajiri kwa kazi ambayo wasomi wenzake wanaiweka kapu moja na gongo. Ataiacha, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Tutaendelea kunywa Rioja na kueleza vizuri sana mapipa ya watu wengine.