Masharti ya nyumba yasemwe kabla ya hela ya dalali

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu nyumba za kupanga hapa Dar es Salaam. Ukiwa na paka, unatazamwa kama umekuja na jambazi.

Mwezi uliopita dalali alinipeleka Sinza kuona chumba na sebule, akiniapia kuwa umeme na maji vimo ndani ya kodi. Nilimwambia mapema kuwa nina paka. "Hilo halina shida, dada," akanijibu, akapokea hela ya kuonyeshwa nyumba. Tulipofika, mama mwenye nyumba aliposikia habari ya paka akang'aka: "Hapa sitaki wanyama!" Tena mita ya umeme ya LUKU ilikuwa moja kwa wapangaji wote, kila mmoja anachangia. Hela yangu haikurudi.

Sikatai, nyumba ni yake na masharti ni yake. Lakini yasemwe mapema na yaandikwe kwenye mkataba: nani analipa umeme, maji na taka, na kama kufuga kunaruhusiwa. Serikali za mitaa, tusaidieni kuwabana madalali. Nanyi wasomaji wenzangu, mwenye nyumba inayompokea paka ajitokeze.

Mpangaji mwenye paka,
Dar es Salaam