Mtoto wa mbwa anakula kinyesi chake? Shika chepe, weka fimbo chini

Leo naweka pembeni mahindi na nyanya, tuongee habari za mbwa wa shamba. Najua wapo watakaocheka kwamba afisa ugani kaishiwa mada. Lakini huku kwetu Dumila, kijana akishapanda nyanya au kitunguu, akafunga pampu ya maji na kujenga banda la kuku, kinachofuata ni kutafuta mtoto wa mbwa wa kulinda. Baada ya wiki chache swali linakuja, tena kwa aibu: "Afisa, huyu mbwa anakula mavi yake mwenyewe. Nimfanyeje?"

Majibu ya mtaani tunayajua. Mchape. Msugue pua kwenye kinyesi. Mwagia pilipili juu yake ili aungue akome. Msimamo wangu ni kwamba yote hayo hayasaidii, na hili ni tatizo la usafi na matunzo kabla halijawa tatizo la tabia.

Tuanze na maumbile. Mbwa jike akizaa, wiki za mwanzo huwalamba watoto wake na kula kinyesi chao ili pale wanapolala pawe safi. Mtoto naye anaijua dunia kwa pua na mdomo, anaonja kila anachokikuta. Kwa hiyo kujaribu kinyesi mara moja moja siyo laana wala wazimu. Wengi huacha wakikua, mradi wasipate nafasi ya kuzoea.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kule Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Karibu asilimia 16 ya mbwa waliochunguzwa walikuwa wameonekana wakila kinyesi mara kwa mara, na hao ni mbwa wa nchi ambako chakula cha mbwa kinanunuliwa dukani. Mambo mawili yananigusa. La kwanza, karibu kinyesi chote kilicholiwa kilikuwa kibichi, hakijapita siku mbili. La pili, dawa za kununua za kumkomesha mbwa karibu zote hazikufua dafu. Sasa kama dawa za viwandani zimeshindwa, pilipili yako ya jikoni itaweza wapi?

Jibu liko kwenye hilo la kwanza. Kama anakila kikiwa kibichi, kiondoe kikiwa kibichi. Chepe moja, dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, na kila unapomwona amejisaidia. Chimba shimo mbali na kisima, ufukie humo. Tafadhali usikitupe kwenye tuta la mboga wala kwenye lundo la mbolea. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa hai kwenye udongo kwa miaka, na mboga hizo wewe unamuuzia mtu anayezila mbichi kwenye kachumbari.

Fimbo inafanya nini? Inamfundisha kwamba kinyesi kikionekana, kipigo kinakuja. Basi atakila haraka zaidi kuficha ushahidi, au atajisaidia mafichoni usikoweza kufagia. Baya zaidi, anakuogopa wewe. Mbwa anayemkimbia mwenyewe akiitwa, usiku wa wezi wa pampu utamwita nani?

Badala yake mzoeshe. Mtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, simama naye. Akijisaidia, muite jina kwa furaha, mpe kipande cha dagaa, halafu zoa. Baada ya muda atamaliza na kukukimbilia wewe badala ya kugeuka nyuma. Dagaa ni rahisi kuliko mbwa mpya.

Sasa kuna upande wetu ambao mbwa wa Marekani hana: njaa. Vijana wengi wanamlisha mtoto wa mbwa ugali mkavu mara moja kwa siku, tena yaliyobaki sufuriani. Mwenye njaa hachagui. Kuanzia akiachishwa ziwa mpaka miezi minne, mpe chakula mara tatu au nne kwa siku, kisha mara tatu mpaka miezi sita. Changanya ugali wa dona na dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, au utumbo na damu vilivyochemshwa vizuri. Utumbo mbichi usimpe, unaleta minyoo ya tegu. Na sisi wa mashamba ya vitunguu tukumbuke: kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kikiwa kimepikwa.

Minyoo nayo inamnyang'anya chakula tumboni. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika, hapo kipigo kitatibu nini? Dawa ya minyoo inaanza akiwa na wiki 2, inarudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mama yake naye apewe, maana minyoo mviringo huwafikia watoto wakiwa bado tumboni. Usipime dawa ya mbuzi kwa macho ukamnywesha mbwa. Mtoto wa kilo 2 anaweza kufa. Muone mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Akiharisha damu, au anakula vizuri na bado anakonda, usingoje; Morogoro tuna hospitali ya wanyama ya SUA.

La mwisho, kufungia. Ipo imani kwamba mbwa akifungiwa mchana kutwa kwenye kibanda kidogo anakuwa mkali. Kwa mtoto wa mbwa, kibanda hicho ni mahali pa kulala, kula na kujisaidia pamoja, hana cha kufanya wala cha kuchezea isipokuwa kinyesi. Sisi ndio tumemfundisha, halafu tunamchapa.

Na haya hayaishii kwa mbwa. Mbwa huyo huyo anawalamba watoto wako usoni. Minyoo yake mviringo ikiingia kwa mtoto wa binadamu inaweza kufika hadi kwenye jicho. Minyoo yake ya safura inapenya miguu ya anayetembea peku uani.

Kuku wako wana daftari la chanjo na bajeti ya pumba. Mfungulie ukurasa na mbwa: chakula, dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3 na kila mwaka baada ya hapo. Anayelinda mtaji wako ni sehemu ya mtaji. Kama huwezi kumlisha na kumfagilia, kwa maoni yangu bora ununue kufuli.