Msiisingizie Shikamoo

Katika kila semina ya ubunifu niliyohudhuria Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kusimama na kusema: sisi hatubuni kitu kazini kwa sababu tumelelewa kwa heshima. Kijana hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Wazungu husema lolote mbele ya bosi, ndiyo maana wametuacha. Ukumbi mzima hukubali, kisha watu huenda kunywa chai. Mimi nakataa. Imani hii si kweli, na inawakinga wanaostahili kuulizwa.

Chukua kiwanda cha General Motors cha Fremont, California. Kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: utoro, migogoro, magari mabovu. Wafanyakazi wake walikuwa Wamarekani, watu tunaoambiwa hawamwogopi bosi. Lakini kusimamisha kazi kwa sababu ya kasoro ulikuwa mwiko. Gari bovu liliachwa lipite, likarekebishwe mwishoni. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Ni Wajapani, wanaosalimiana kwa kuinama, wenye lugha iliyojaa kauli za heshima, waliowatundikia wafanyakazi hao kamba: ukiona kasoro, vuta. Kiongozi wa kikundi anakuja kusaidia. Tatizo lisipokwisha, kazi inasimama. Ubora ukapanda, kwa mikono ileile. Kilichobadilika ni yanayompata anayesema.

Na sisi tuna utani. Mngoni akienda kwenye msiba wa Mhehe, huvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake, akautangaza ubahili wake mbele ya wafiwa, na hakuna wa kukasirika. Makabila haya yalipigana vita karne ya 19, yakaishia kuwa watani. Watu waliojipa ruhusa ya kusema ukweli hata kando ya jeneza, leo wanaambiwa utamaduni wao umewafunga midomo!

Nilikaa kwenye kikao kimoja ambako mkurugenzi alieleza ratiba mpya ya kusambaza mizigo, akauliza, "Kuna swali?" huku akifunga daftari. Kimya. Mchana, kwa mama lishe, dereva alinipangia vifuniko vya soda mezani kuonyesha foleni itakapoyanasa magari, na njia ya kuikwepa. Nikamuuliza mbona hakusema. "Mzee, mwenzangu alisema mwaka jana. Akahamishiwa getini." Sasa hapo kosa ni la shikamoo?

Shikamoo haimzuii mtu kusema. Ndiyo hodi yake: "Shikamoo mzee, naona hapa tutakwama." Anayeipokea kwa marahaba, kisha akamwadhibu aliyesema, ndiye asiye na adabu.

Wakurugenzi, mrudisheni yule wa getini. Na kikao cha Jumatatu, kabla hamjafungua midomo yenu, aanze kuzungumza dereva.