Siku za Mapumziko Zisikatwe

Kila kiangazi vikundi vya waendesha pikipiki hupanda Khardung La, njia ya mlimani huko Ladakh, kaskazini ya India. Kibao kilichosimikwa juu kilitangaza kwa miaka mingi kimo cha mita 5,602. Vipimo vya kisasa vyasema 5,359. Hata hivyo, hapo ni pungufu ya kilele cha Kibo kwa mita 536 tu, na kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni ipatikanayo pwani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ratiba inapobana, kinachokatwa kwanza ni siku za kupumzika mjini Leh. Atokaye Delhi kwa ndege hufikishwa Leh, mita 3,500, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mwenye haraka aweza kesho yake kuwa Khardung La, kilomita 40 mbele. Kichwa humgonga, hutapika, huyumba kama mlevi. Na kiongozi, aliyekwisha kulipia malazi ng'ambo katika bonde la Nubra, humwambia ajikaze! Lakini maji yakijaa mapafuni, au ubongo ukivimba, kujikaza hakumponyi mtu. Hapana budi ateremshwe mara moja, usiku au mchana.

Kwa hiyo ratiba na ianze na siku mbili tatu za Leh, ndipo petroli na malazi vihesabiwe. Tena iamuliwe kabla ya safari, mbele ya wote, ni nani atakayeteremka na mgonjwa, na pikipiki zao zitachukuliwa na nani.