FUNDI WA KIJIJI: Linda gurudumu la meno la baiskeli yako



Ukisimama Magogoni, Dar es Salaam, alfajiri, utaiona pantoni ikifika kutoka Kigamboni. Watu wanashuka, magari yanashuka, na baiskeli pia zinashuka. Baiskeli hizo zimebeba nazi, mkaa na matenga ya samaki. Nyingi zimetoka mbali, kwenye njia za mchanga, mizizi na mashimo.

Sasa tazama mlango wa pantoni unapolala juu ya zege. Pale kuna ukingo wa chuma. Mwenye haraka hashuki. Gurudumu la mbele linapita, baiskeli inainama, halafu unasikia "kwaa!" Hiyo ni sauti ya gurudumu la meno kugonga chuma.

Mwezi huu tuzungumze juu ya gurudumu hilo. Ni lile duara la chuma lililo upande wa kulia, penye pedali. Cheni inapita juu ya meno yake. Mafundi wengi huliita sproketi ya mbele. Pancha huzibwa popote. Breki ikikatika, unaweza kukokota baiskeli. Lakini meno yakivunjika, cheni inaruka, pedali inazunguka bure, na mzigo unabaki njiani. Pengine mzigo huo ni mama mjamzito anayepelekwa zahanati.

Je, nafasi kati ya ardhi na meno ni kiasi gani? Pima mwenyewe. Katika baiskeli nyingi ni kama shubiri moja, yaani sentimita 20 hivi. Hiyo ni kwenye tambarare. Gurudumu la mbele likitumbukia katika mfereji, nafasi hiyo inapungua sana. Kwa hiyo ukiona kisiki, jiwe au gogo linalofika nusu ya shubiri, shuka. Inua baiskeli, vuka, panda tena. Kama baiskeli ina mzigo mzito, shuka mapema zaidi, kwa sababu mzigo huongeza nguvu ya pigo.

Huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walichukua baiskeli kuukuu, nzito, wakateremka nazo milimani kwa michezo. Hapo ndipo ilipoanza baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli iliyoitwa Stumpjumper, maana yake mruka visiki. Jina ni zuri. Lakini hata baiskeli hiyo, ukiigongesha kwenye kisiki, meno hupinda.

Siku hizi baiskeli za aina hiyo zimejaa nchini, nyingi zikiwa za mtumba. Sisi tunaziita baiskeli za gia. Mbele zina magurudumu ya meno matatu: dogo, la kati na kubwa. Lile kubwa liko nje, nalo ndilo linalogonga mawe. Tena kijijini, kwenye mchanga na vilima, ni nadra kulitumia. Wapo mafundi wanaofanya hivi: wanalisaga meno yote hadi linabaki duara laini. Cheni inatembea kwenye lile la kati, na lile duara laini linakuwa kinga. Likigonga jiwe, linateleza. Huhitaji kununua kitu. Baada ya kusaga, lainisha ukingo kwa tupa usije ukakukata mguu. Kisha tafuta skrubu yenye herufi H kwenye kile chuma kinachohamisha cheni mbele. Ikaze kidogo kidogo kwa bisibisi, mpaka cheni isiweze tena kupanda kwenye duara lile. Mimi naona hiyo ni kazi bora kuliko kuacha meno makubwa yakae tu kwa kupendeza.

Usifanye hivyo kwenye baiskeli ya kawaida yenye gurudumu moja la meno, kama Phoenix ya China au Hero ya India. Hiyo haina meno ya akiba! Kwa baiskeli kama hiyo, kinga ni kava ya cheni. Watu wengi huing'oa kwa sababu inapiga kelele. Ikipiga kelele, kaza skrubu zake. Kava huzuia vijiti na majani, na huzuia kanga ya mama aliyekaa kwenye keria isimezwe na cheni.

Jambo jingine ni namna ya kuilaza baiskeli. Meno yako kulia. Kwa hiyo ilaze baiskeli upande wa kushoto. Ukiipakia juu ya basi au ndani ya lori, usikubali magunia yawekwe juu ya gurudumu la meno. Magurudumu mengi hupindia huko, na mwenyewe husingizia njia mbaya.

Likipinda, usipige meno kwa nyundo. Zungusha pedali polepole kwa kurudi nyuma, ukitazama nafasi kati ya meno na fremu. Pale yanapokaribia fremu au kwenda mbali nayo ndipo palipopinda. Shika hapo kwa spana yenye mdomo wa kurekebisha, vuta kidogo, zungusha, tazama tena. Kazi hii inataka subira. Jino moja likikatika, unaweza kuendelea na safari. Yakikatika mawili yanayofuatana, cheni itaanza kuruka.

Lakini kuna adui mwingine asiyepiga kelele, naye ni cheni iliyochakaa. Cheni hurefuka kwa kutumika. Ikirefuka hailingani tena na meno, nayo huyala mpaka yanachongoka kama meno ya papa. Meno ya namna hiyo yakigonga jiwe huvunjika upesi.

Chukua rula ya shule yenye inchi 12. Bonyeza pedali ili cheni ikazike. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja ya cheni. Katika cheni mpya, katikati ya pini nyingine itakuwa sawasawa kwenye inchi 12. Pini hiyo ikipita alama kwa milimita moja na nusu, badili cheni. Ikipita kwa milimita tatu, umechelewa. Meno yameshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake. Hapo utanunua vyote viwili.

Mchanga na maji ya samaki huharakisha uchakavu huo. Maji ya samaki yana chumvi, nayo huleta kutu. Safisha cheni kwa kitambaa na mafuta ya taa, mbali na moto na watoto. Ikauke, kisha tia tone moja la oili safi kwenye kila kiungo. Futa oili ya nje. Oili inayobaki nje hushika mchanga na kuwa msasa.

Ukilazimika kununua gurudumu la meno, kwa mfano katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, nenda na lile la zamani. (Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, Carrier Corps. Basi wabeba mizigo hapo ni wenyeji.) Hesabu meno ya lote mawili mbele ya mwuzaji. Baiskeli nyingi za kawaida huwa na meno 44 hadi 48. Linganisha unene pia, kwa maana cheni ya baiskeli ya gia ni nyembamba, haiingii kwenye meno manene ya baiskeli ya kawaida. Mwisho, lilaze gurudumu jipya juu ya kioo cha meza ya duka. Likicheza, limepinda tangu dukani. Mrudishie, uombe jingine.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kukaza spoku. Tayarisha spana yake.